Nyangumi wa Ambari: Majibu kwa Barua Zenu

Katika toleo lililopita tuliweka picha ya nyangumi mwenye kichwa kikubwa kama gunia lililoshindiliwa, na chini yake tukaandika kwamba huzama zaidi ya kilomita moja kutafuta chakula. Mstari huo mmoja umeleta barua nyingi kuliko makala yoyote ya toleo lile. Tumechagua zile zinazogusa mambo yaliyoulizwa na wengi. Humu tunamwita nyangumi wa ambari, kwa sababu ambari, lile bonge la harufu nzuri linaloelea baharini, hutoka kwake, na Waarabu nao humwita hivyo hivyo, hut al-anbar. Jina lake la kisayansi ni Physeter macrocephalus.

SWALI
Assalaam alaykum wahariri. Mimi ni mvuvi wa mshipi. Nikiwa kazini magharibi ya Pemba, upande wa kuelekea bara, nimeona mara mbili nyangumi akipuliza maji yakaenda upande. Wenzangu wa Unguja na Mafia wanasema wao huona wenye mapezi marefu meupe, na hao hupuliza wima. Je, ni nyangumi mmoja? (Mvuvi, Wete)

JIBU
Waalaykum salaam ndugu yetu. Ni wawili tofauti, na huko kupuliza upande ndiko kunakomtambulisha. Nyangumi wa ambari ana tundu moja tu la pua, nalo liko mbele kabisa ya kichwa, upande wa kushoto. Pumzi yake hutoka imelala, ikielekea mbele na kushoto, hata siku ya shwari. Hakuna nyangumi mwingine mkubwa apulizaye hivyo. Unachokiona si maji aliyoyanywa, ni mvuke wa pumzi ya joto unaogeuka matone unapokutana na hewa.

Wale wa wenzako ni nyangumi wa nundu. Huja pwani yetu kutoka bahari ya Antaktika, kuanzia mwezi wa Julai hadi Oktoba hivi, kupandana na kuzaa, na maji ya wastani huwatosha. Wa ambari hula ngisi wa kilindini, kwa hiyo hukaa palipo na kilindi. Bahari kati ya Unguja na bara haifiki mita 100, na Mafia nayo imekaa juu ya ukingo uleule wa bara. Pemba sivyo. Kati yake na bara pana bonde la mamia ya mita, na ndiyo maana wewe umemwona na wao hawajamwona.

Siku nyingine ukikutana naye tazama haya. Ngozi yake nyuma ya kichwa imekunjamana kama tende iliyokauka. Hana pezi la mgongo lililosimama, ana kinundu cha chini na vifundo vidogo vinavyofuatana hadi mkiani. Anapozama kwa safari ndefu huunyanyua mkia wote juu ya maji, mpana, wa pembetatu, kisha huingia wima. Hapo angalia saa. Asipoibuka kwa dakika 40 au 50, ujue ni yeye. Zima mashine, kaa mita 100 au zaidi, na kama simu ina kamera piga picha ya mkia ukiwa juu. Ukingo wake wa nyuma huwa na pengo na michubuko isiyofanana kwa nyangumi wawili, na watafiti humtambua kila mmoja kwa alama hizo, mwaka baada ya mwaka.

SWALI
Mimi huzama kutafuta majongoo bahari kwa hewa ya kompresa. Mwenzangu aliibuka haraka akapooza miguu mpaka leo. Nyangumi huyu huenda mita elfu moja na kurudi bila kudhurika. Damu yake ina nini ambacho sisi hatuna? (Mzamiaji, Gazi)

JIBU
Pole sana, nawe umfikishie mwenzio pole zetu. Tuanze na kilichompata. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa ufukweni, na kompresa humpa mzamiaji hewa iliyoshindiliwa kwa kiasi hicho hicho. Yaani kila pumzi aivutayo kule chini ina hewa ya pumzi nne. Naitrojeni iliyomo huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili dakika baada ya dakika. Akiibuka ghafla, hufanya kama soda iliyofunguliwa: mapovu hutoka, na yakikwama kwenye uti wa mgongo miguu hufa ganzi.

Nyangumi hapumui chini. Huingia na hewa ya pumzi yake ya mwisho tu, na hata hiyo haiachi kwenye mapafu. Mbavu zake zimeungana kwa viungo vinavyokubali kukunjwa, kwa hiyo kadiri anavyoshuka kifua hubonyea na mapafu husinyaa, hewa ikasukumwa kwenye mirija migumu ambako haiwezi kupenya kwenda kwenye damu. Kwenye mita 1,000 mgandamizo ni kama kilo 100 kwa kila sentimita mraba, sawa na mifuko miwili ya saruji juu ya ukucha wa kidole kimoja. Mwili wake hauvunjiki kwa sababu hauna uwazi mkubwa wa kupasuliwa. Nyama, damu na mafuta ni kama maji, havishindiliki.

Swali lako la damu lina jibu zuri. Oksijeni yake ya safari haikai mapafuni, hukaa kwenye damu na misuli. Damu yake ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, yetu haifiki hata moja ya kumi. Misuli yake imejaa mioglobini, protini inayoshika oksijeni, kwa kiasi kinachoizidi misuli ya binadamu mara kumi hivi, mpaka nyama yake ni nyekundu ya kukaribia weusi. Wingi huo ndio uliomfanya mwanasayansi John Kendrew kutumia mioglobini ya nyangumi huyu alipochora umbo la protini kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1958, akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962 pamoja na Max Perutz. Akiwa chini, moyo hupunguza mapigo, na damu huenda kwanza kwenye ubongo na moyo, viungo vingine vikasubiri.

Hesabu ya safari yake ni hii. Hukaa juu dakika 10 hivi akipumua tena na tena, na kila pumzi hubadilisha sehemu kubwa ya hewa ya mapafu, wakati sisi tukiwa tumetulia hubadilisha sehemu ndogo tu. Kisha hushuka kwa mwendo wa mita moja na kidogo kwa sekunde. Mita 1,000 humchukua kama robo saa kushuka na robo saa kupanda, kwa hiyo katika mbizi ya dakika 45 muda wa kuwinda hasa ni robo saa tu. Ndiyo maana lolote linalompotezea muda kule chini humgharimu sana.

Wala yeye si bingwa wa mwisho. Nyangumi mdogo zaidi, wa mita 5 hadi 7, aitwaye nyangumi-mdomo wa Cuvier, alirekodiwa nje ya California akifika mita 2,992. Mwingine wa aina hiyo, upande wa North Carolina, alikaa chini dakika 222, yaani saa 3 na dakika 42. Na huyo bingwa ndiye aliyetuonyesha kwamba hata nyangumi hupatwa na mapovu. Mwezi wa Septemba 2002, wakati wa mazoezi ya manowari karibu na visiwa vya Canary, nyangumi-mdomo 14 walikwama ufukweni, na waliopasuliwa walikutwa na mapovu ya gesi na mafuta katika mishipa. Sauti kali za vifaa vya kutafuta nyambizi huwatia hofu, wakavuruga utaratibu wao wa kuzama na kuibuka. Hispania ilipiga marufuku vifaa hivyo kuzunguka visiwa vile mwaka 2004, na vifo vya makundi vya namna ile vikakoma hapo.

Kwa upande wako: usiibuke kwa kasi ya zaidi ya mita 9 kwa dakika, na simama kwenye mita 5 kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kutoka. Aliyetoka na ganzi au maumivu ya viungo msimrudishe majini, ingawa ndivyo wengi wanavyofanya. Mlazeni chali, apewe oksijeni safi kama ipo, na afikishwe hospitali upesi, huku ikiulizwa wapi pana chemba ya mgandamizo, yaani chumba cha kumtibu mzamiaji kwa hewa iliyoshindiliwa.

SWALI
Wanafunzi wangu wanataka kujua kwa nini kichwa kimekuwa theluthi ya mwili. Kuna ubongo mtupu humo? Na ni kweli huvunja meli? (Mwalimu wa sayansi, Tanga)

JIBU
Ubongo upo, na ni mkubwa kuliko wa mnyama yeyote, kilo 8 hivi, lakini uko nyuma na huchukua nafasi ndogo. Kilichojaza kichwa ni chombo cha sauti. Nusu ya juu ni mfuko mrefu wa mafuta yenye nta. Kwa dume mkubwa hufika lita 1,900, zaidi ya mapipa tisa ya lita 200. Chini yake kuna tabaka la pili la mafuta lililogawanyika vipande vipande, na nyuma ya vyote hivyo mfupa wa fuvu umebonyea kama sahani ya dishi.

Sauti huzaliwa mbele, karibu na tundu la pua, ambako kuna midomo miwili migumu inayogongana hewa inapopita. Mlio huo hurudi nyuma kupitia mfuko wa mafuta, hugonga ule mfupa wa dishi penye kifuko cha hewa, hugeuka, na kutoka mbele kupitia tabaka la chini ukiwa mwali mmoja mwembamba. Ni sauti kali kuliko ya kiumbe chochote, takriban desibeli 230 kwa kipimo cha majini. Mwalimu, waonye wanafunzi wasiilinganishe moja kwa moja na desibeli za hewani: toa kama 62 kwanza, kwa kuwa vipimo hivyo viwili vina misingi tofauti.

Mwangwi ukirudi, huupokea kwa taya la chini, lenye mafuta yanayoufikisha sikioni. Wape darasa hesabu hii. Sauti majini huenda mita 1,500 kwa sekunde. Ngisi aliye mita 300 mbele, mwangwi wake hurudi baada ya sekunde 0.4. Nyangumi anaposhuka hupiga mlio mmoja au miwili kwa sekunde. Akimkaribia ngisi, mwangwi hurudi upesi, naye huongeza milio mpaka inaungana kama mlango unaokwaruza. Kisha kimya. Ama amempata, ama amemkosa. Kule hakuna mwanga wa jua kabisa, na wawindaji wa zamani waliwahi kuvua nyangumi wenye taya lililopinda waliokuwa wamenona kama wenzao. Meno yake makubwa, 18 hadi 26 kila upande wa taya la chini, si lazima kwa ulaji. Ngisi wengi hukutwa tumboni bila alama ya jino.

Kuhusu meli, ni kweli. Tarehe 20 Novemba 1820 dume mmoja aliigonga kwa kichwa meli ya Essex ya Nantucket, Marekani, katika bahari ya Pasifiki, nayo ikazama. Ilikuwa meli ya kuwawinda. Mafuta yale ya kichwani yakipoa huganda meupe, na yalitengenezewa mishumaa iliyong'aa kuliko yoyote ya wakati ule, tena isiyo na moshi mwingi, kiasi kwamba Waingereza walipima mwanga kwa mshumaa huo. Kwa ajili ya taa za nyumba za watu, nyangumi hawa walifuatwa mpaka bahari yetu ya Hindi. Uwindaji wa biashara ulisimamishwa na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi kuanzia mwaka 1986, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa imekwisha tangazwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979, kwa pendekezo la Ushelisheli, nchi ndogo ya visiwa iliyosimama mbele ya mataifa makubwa. Jambo hilo lastahili kufundishwa darasani.

SWALI
Wanangu, mimi ni bibi wa wajukuu saba. Huyo mama akizama saa nzima, mtoto anamwachia nani? (Bibi, Lamu)

JIBU
Shikamoo bibi. Anamwachia shangazi, dada na bibi yake. Majike hukaa pamoja maisha yote, kama kumi au kumi na wawili hivi, wengi wao ukoo wa upande wa mama. Mimba huchukua miezi 14 hadi 16, na mtoto huzaliwa na urefu wa mita 4 na uzito wa tani moja hivi. Pamoja na ukubwa huo hawezi kumfuata mama kilindini. Basi wakubwa hawazami wote kwa wakati mmoja. Mmoja anapoibuka mwingine ndipo anaposhuka, na mtoto huogelea kumwendea aliye juu. Wapo wanaonyonyesha hata watoto wa wenzao. Jike huzaa mara moja tu kila miaka minne hadi sita au zaidi, kwa hiyo kila mtoto ni mali ya kundi zima.

Wakivamiwa na nyangumi wauaji, huwaweka watoto katikati na kujipanga kuwazunguka kama vijiti vya gurudumu, vichwa ndani na mikia nje, au kinyume chake. Ulinzi huo uliwaponza mbele ya wawindaji: aliyejeruhiwa hakuachwa, na kundi lote liliuawa mahali pamoja.

Madume huondoka wakiwa vijana, husogea mwaka hadi mwaka kuelekea maji baridi ya kaskazini na kusini, na hurudi maji ya joto kutafuta majike wakiwa wamekwisha komaa, karibu miaka 30. Jike huishia mita 11 na tani 15 hivi. Dume hufika mita 16 na kuzidi tani 40. Kila ukoo una milio yake ya kusalimiana, midundo mifupi ya kugonga, na watoto huijifunza kwa wakubwa kama wajukuu zako wanavyojifunza Kiamu kwako.

SWALI
Nimeokota bonge la kijivu ufukweni baada ya kusi kali, kilo mbili hivi. Mzee mmoja anasema ni ambari, mwingine anasema ni mafuta ya meli. Nitajuaje, na nikiuza nitakamatwa? (Kijana, Kilwa Masoko)

JIBU
Wazee wako wote wawili wana haki ya kusema walivyosema. Pwani yako imejulikana kwa ambari tangu karne ya 10, msafiri Mwarabu Al-Masudi alipoandika juu ya ambari ya bahari ya Zanji, yaani bahari ya pwani hii yetu, na mafuta ya mawese yaliyoganda, nta na mafuta ya taka kutoka melini nayo huja na mawimbi yaleyale. Mabonge mengi yanayodhaniwa ambari siyo.

Elewa kwanza inavyotokea. Ngisi ana mdomo mgumu mweusi kama wa kasuku, usiomeng'enyeka. Nyangumi huitapika mingi, lakini kwa wachache, labda mmoja katika mia, mingine hupita na kuingia utumboni, ambako uchafu wa mafuta huigandia na kukua kwa miaka. Ikitoka ikiwa mbichi ni nyeusi, laini, na inanuka kinyesi. Baada ya miaka ya kuelea juani na chumvini hugeuka kahawia, kijivu, hata nyeupe, na harufu hubadilika ikawa tamu yenye udongo na bahari.

Jaribu hivi. Itie kwenye ndoo ya maji ya bahari: ambari huelea, jiwe huzama. Kata kipande kidogo utazame ndani: mara nyingi kuna matabaka, na ukibahatika vipande vyeusi vinavyong'aa vya mdomo wa ngisi. Hiyo ni alama bora kuliko zote. Kisha pasha sindano kwenye moto mpaka iwe ya moto sana, uigusishe kwenye bonge kwa sekunde mbili tatu. Ambari huyeyuka papo hapo kuwa majimaji meusi au ya kahawia yenye kunata, na ukiyagusa kwa kidole kabla hayajapoa huvutika kama uzi. Moshi wake hunukia. Nta na mafuta ya mshumaa huyeyuka yakawa maangavu. Mpira na plastiki hutoa harufu ya kuungua unayoijua. Kisichoyeyuka kabisa ni jiwe, sifongo au udongo. Usilichemshe bonge zima wala kulikwangua lote kutafuta rangi nzuri, maana ganda la nje ndilo lililokomaa.

Ikiwa ni yenyewe, thamani yake ni kubwa. Mwaka 2021 kikundi cha wavuvi wa Yemeni walipata kilo 127 ndani ya mzoga wa nyangumi katika Ghuba ya Aden, wakauza kwa karibu dola milioni 1.5. Lakini usiitume kokote kabla ya kuuliza. Nyangumi mwenyewe yuko katika daraja la juu la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ambari yenyewe chini ya mkataba huo huhesabiwa kama taka ya mwili, ila Marekani, Australia na India zimekataza kuimiliki au kuiuza. Ndugu yako aliye huko akiipokea atakuwa yeye matatani. Nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya na sampuli ndogo, bonge ubaki nalo limefungwa kwa kitambaa, si kwa plastiki. Na jihadhari na wanunuzi wanaotaka ulipe kwanza "gharama ya vipimo".

SWALI
Sisi ni kamati ya BMU, kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi. Akikwama nyangumi mkubwa ufukweni kwetu tufanye nini? Mara ya mwisho watu walimfunga kamba mkiani. (Katibu, Kilifi)

JIBU
Kamba mkiani ndilo kosa kubwa kuliko yote. Uti wa mgongo hauwezi kuvutwa na uzito ule, hutenguka. Kama ni hai, kwanza ondoeni watu, mbwa na kelele, na asisimame mtu karibu na mkia. Mwagieni maji ya bahari mfululizo, mtandike mashuka au kanga zilizolowa mgongoni, lakini tundu la pua libaki wazi na maji yasiingie humo. Chimbeni mchanga chini ya mapezi ya ubavuni yasibanwe, na mchimbe mfereji maji yakae kumzunguka. Msipumue mbele ya pumzi yake, ina vijidudu.

Ni lazima tuseme kweli: nyangumi wa ambari aliyekomaa akikwama, mara chache hupona. Majini uzito wake hubebwa. Nchi kavu tani 15 humlalia mapafu na misuli mwenyewe, na mafuta mazito chini ya ngozi humpika kwa joto lake. Aina hii kwa kawaida hufika ufukweni ikiwa tayari inaumwa. Kumrudisha kwa nguvu wakati wa maji kujaa hufaa kwa wadogo tu.

Akifa, msipande juu yake wala msimtoboe. Gesi ya kuoza hujaa ndani ya siku chache. Januari 2004 huko Tainan, Taiwan, mzoga wa nyangumi wa aina hii uliokuwa ukisafirishwa kwa lori ulipasuka barabarani, ukamwagia damu na matumbo maduka na magari. Nyama yake isiliwe: ina zebaki nyingi, hata ikiwa mbichi. Meno yasiuzwe. Kabla ya kuzika, pimeni urefu kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya kichwa hadi penye pengo la katikati ya mkia, hesabuni meno, pigeni picha ubavu, kichwa na mkia, na hifadhini kipande cha ngozi cha ukubwa wa kiberiti kwenye chumvi nyingi au spiriti. Vitu hivyo vitahitajika na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, Mombasa. Shimo liwe juu ya alama ya maji ya bamvua, vinginevyo mtamzika mara mbili.

Na tumboni, akipasuliwa na wataalamu, ombeni mwelezwe kilichomo. Mwezi wa Novemba 2018, huko Wakatobi, Indonesia, nyangumi wa ambari wa mita 9.5 alikutwa na karibu kilo 6 za plastiki: vikombe 115, chupa 4, mifuko 25 na malapa mawili. Hakuzila kwa upumbavu. Gizani yeye husikiliza mwangwi tu, na mfuko wa plastiki ulioelea humrudishia mwangwi unaofanana na wa ngisi.

SWALI
Kama lazima aibuke kupumua, analala saa ngapi? (Mwanafunzi wa darasa la saba, Mwanza)

JIBU
Marahaba mwanetu, tunajua uliandika shikamoo juu ya barua, nafasi tu ilikuwa ndogo. Hulala kwa vipande vya dakika 10 hadi 15, karibu na uso wa bahari, akiwa amesimama wima kama nguzo, mara nyingi kichwa kikiwa juu na mkia chini. Mafuta ya kichwani ni mepesi kuliko maji, ndiyo yanayomsimamisha. Kwa jumla hulala kama asilimia 7 tu ya muda wake, kidogo kuliko karibu mamalia wote waliopimwa. Usingizi huo ni mzito kweli. Watafiti nje ya pwani ya kaskazini ya Chile walielea na chombo chao, mashine zimezimwa, mpaka katikati ya kundi lililosimama hivyo. Hakuna aliyetikisika, mpaka chombo kilipomgusa mmoja wao.